Waya Mmoja, Sheria Mbili

Msomaji, kama umepata kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule yoyote, hapana shaka umeuona waya wa rangi ya samawati au ya kijivu utokao nyuma ya kompyuta na kwenda kuchomekwa katika tundu la kijisanduku chenye taa ndogo za kijani. Aghalabu macho yetu huupita waya ule kama yaipitavyo kamba ya kuanikia nguo. Twatazama kioo cha kompyuta, maana ndicho chenye picha na maandishi. Waya hauna la kuonyesha. Walakini ndani ya waya ule hupita mazungumzo, na mazungumzo yoyote, yawe ya watu au ya mashine, hutaka mambo mawili yajulikane kabla ya neno la kwanza kutamkwa. La kwanza, wasemaji watasema kwa mwendo gani. La pili, watasema kwa zamu, au kila mmoja ataweza kusema huku akimsikia mwenzake.

Mambo haya mawili yana historia ya zaidi ya miaka 50. Nataka kukusimulia historia hiyo kwa sababu mimi mwenyewe sikuijua, na kwa kutoijua nilimdhulumu mwanafunzi. Habari ya mwanafunzi huyo nitaifikia mahali pake. Kwanza hatuna budi kwenda mbali, hata katikati ya bahari ya Pasifiki.

Visiwa vya Hawaii vimetenganishwa na maji mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa katika mji wa Honolulu, na watu waliotaka kuitumia walikuwa wametawanyika huku na huku. Simu za wakati ule zilikuwa ghali, wala hazikutegemeka kwa kazi ya kompyuta. Mtaalamu aitwaye Norman Abramson, pamoja na wenzake, wakaona ni afadhali kutumia redio. Mwezi wa Juni 1971 mtandao wao ukaanza kazi. Wakauita ALOHA, neno ambalo wenyeji wa visiwa vile hulitumia kwa kuamkiana.

Fikiri sasa juu ya shida iliyowakabili. Vituo vingi vilitumia masafa yale yale ya redio kupeleka habari kwenye kompyuta kubwa. Viwili vikisema kwa pamoja, sauti zao zilivurugana na hapakuwa na lililosikika. Nani angetoa ruhusa ya kusema? Barazani kuna mwenyekiti, angani hapana. Jawabu la Abramson lilikuwa la kushangaza kwa wepesi wake: asiwepo mwenyekiti. Kila kituo kiseme kitakapo. Kisipopata jibu kwamba ujumbe umefika, kijue kuwa umegongana na wa mwingine, kingoje muda wa kubahatisha, kisha kirudie. Neno kubwa hapa ni kubahatisha, kwa maana vituo viwili vilivyogongana vikingoja muda ulio sawa, vitagongana tena, na tena, hata mwisho wa dunia.

Utaratibu ule ulifanya kazi, lakini ulikuwa na uharibifu mwingi. Hesabu zilionyesha kwamba haungeweza kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia. Sehemu iliyobaki ilipotea katika ukimya na katika migongano. Ni kama barabara ambayo katika kila siku sita hutumika siku moja tu.

Makala ya Abramson ilisomwa na kijana wa Kimarekani aitwaye Robert Metcalfe. Kijana huyu alikuwa na uchungu wake: tasnifu yake ya udaktari ilikuwa imekataliwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akaichambua hesabu ya ALOHA, akaona namna ya kuitengeneza, akaitia katika tasnifu yake, na mwaka 1973 ikakubaliwa. Wakati huo alikuwa ameajiriwa na Xerox, katika kituo chao cha utafiti kilichokuwa Palo Alto, jimbo la Kalifornia, na kazi aliyopewa ilikuwa kuziunganisha kompyuta za jengo moja ili zizungumze zenyewe kwa zenyewe na kutumia mashine moja ya kupiga chapa.

Tarehe 22 Mei 1973 Metcalfe aliandika waraka akieleza mpango wake. Badala ya redio angetumia waya mnene mmoja upitao kote jengoni, na kila kompyuta ingeungwa katika waya huo. Aliuita mtandao wake Itheneti. Jina hilo lina kichekesho chake. Wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kwamba mwanga husafiri ndani ya kitu kisichoonekana kijazacho anga yote, nao walikiita itha. Mwaka 1887 Wamarekani wawili, Michelson na Morley, walikitafuta kwa vipimo vya uangalifu mkubwa wasikione, na baadaye wataalamu wakaacha kukiamini. Basi jina la kitu kisichokuwapo likapewa waya unaoshikika kwa mkono.

Metcalfe na mwenzake David Boggs waliongeza adabu mbili katika desturi ya ALOHA. Kwanza, kabla ya kusema, sikiliza; ukisikia mwingine anasema, nyamaza hata amalize. Pili, hata unaposema, endelea kusikiliza. Ukitambua kwamba sauti yako imegongana na nyingine, kata maneno mara moja, ngoja muda wa kubahatisha, kisha jaribu upya. Ukigongana tena, kadiri ya kungoja huzidishwa mara mbili. Kwa adabu hizi waya mmoja uliweza kubeba mazungumzo ya kompyuta 100 katika urefu wa kilometa 1, kwa mwendo wa biti milioni 2.94 kwa sekunde. Usistaajabie hesabu hiyo isiyo kamili. Ilitokana na saa iliyokuwa ndani ya kompyuta za kituo kile, zilizoitwa Alto. Wajenzi walichukua mwendo waliokuwa nao tayari.

Mwaka 1980 kampuni tatu, yaani Digital, Intel na Xerox, zilitangaza kwa pamoja kanuni za Itheneti ya biti milioni 10 kwa sekunde, na mwaka 1983 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kikaidhinisha kanuni zake zilizotokana na hizo. Katika kanuni hizo imo moja ambayo naomba uishike vizuri, kwa maana ndiyo itakayokuja kutoa ushahidi katika kesi yangu.

Umeme nao husafiri. Hauwi huku na kule kwa mara moja. Kompyuta iliyo mwisho mmoja wa waya yaweza kuanza kusema, na kabla ya sauti yake kufika mwisho wa pili, kompyuta ya huko ikaona pako kimya nayo ikaanza. Mgongano hutokea, na habari ya mgongano hutaka muda kurudi kwa yule wa kwanza. Kama ujumbe wake ni mfupi mno, atakuwa amekwisha kumaliza kusema na kwenda zake, asijue kwamba maneno yake yameharibika. Kwa sababu hiyo wahandisi waliamuru kwamba ujumbe mdogo kabisa uwe wa baiti 64, na waya usipite urefu uliowekwa. Kwa vipimo hivyo kila mgongano hujulikana kabla ya baiti 64 za kwanza kupita. Mgongano utokeao baada ya hapo huitwa mgongano uliochelewa, na katika mtandao uliojengwa kwa kufuata sheria hautarajiwi kuonekana kamwe. Ukionekana, ujue kuna mtu asiyefuata sheria.

Hadi hapa, msomaji, sheria ilikuwa moja kwa wote: kusema kwa zamu. Wahandisi huiita nusu-dupleksi. Ilikuwa sheria ya haki, kwa sababu waya ulikuwa mmoja na wasemaji wengi.

Katika mwaka wa 1990 yalitokea mambo mawili yaliyoanza kuiondolea sheria hiyo maana yake. Jambo la kwanza, ziliidhinishwa kanuni za kutumia nyaya nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, mfano wa nyaya za simu, badala ya ule waya mnene. Jozi moja ilikuwa ya kupeleka na jozi nyingine ya kupokea. Barabara zikawa mbili. Walakini nyaya zote zilikutana katika sanduku liitwalo habu, nalo habu halikuwa na akili ila ya kurudia kwa wote lile lililosemwa na mmoja. Basi ijapokuwa barabara zilikuwa mbili, wasafiri waliendelea kupita kwa zamu. Jambo la pili, kampuni ndogo ya Kalifornia iliyoitwa Kalpana ilitoa sanduku la namna nyingine, ambalo leo twaliita swichi. Swichi husoma anwani ya kila ujumbe na kuupeleka kwa mwenyewe peke yake. Kompyuta iliyoungwa katika swichi haina jirani wa kugombania naye waya. Ina swichi tu upande wa pili. Kwa nini basi isiseme huku inasikiliza?

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria mpya, iitwayo dupleksi kamili, iliruhusu pande zote mbili kusema kwa wakati mmoja bila ya kungojana, na IEEE iliitia katika kanuni zake mwaka 1997. Chini ya sheria hii hapana mgongano, kwa hiyo hapana haja ya kuusikilizia. Adabu zote mbili za Metcalfe zinawekwa kando.

Sasa dunia ikawa na waya mmoja na sheria mbili. Tena mwendo nao haukuwa mmoja, kwa maana mwaka 1995 ilikuwa imekwisha idhinishwa Itheneti ya biti milioni 100 kwa sekunde, wakati ambapo vifaa vya milioni 10 vilikuwa vimejaa katika maofisi ya nchi nyingi. Kifaa kipya kikichomekwa kwenye waya, kitajuaje kama mwenzake ni kijana au mzee?

Jawabu lilipatikana katika kanuni za mwaka ule ule wa 1995, juu ya msingi wa kazi ya kampuni ya National Semiconductor. Vifaa vya zamani vya nyaya zilizosokotwa vilikuwa na desturi ya kutoa mpigo mmoja wa umeme mara kwa mara, kila baada ya sehemu 16 hivi za sekunde iliyogawanywa kwa elfu, ili kuonyesha kwamba vingali hai. Wahandisi wakaugeuza mpigo ule mmoja kuwa shada la mipigo hadi 33. Katika mipigo hiyo, 17 huhesabu wakati na 16 hubeba habari: mimi naweza milioni 10, naweza milioni 100, naweza zamu, naweza pamoja. Kila upande hutangaza uwezo wake na kusikiliza wa mwenzake, kisha pande zote mbili huchagua lile lililo bora ambalo wote wanaliweza. Mapatano haya humalizika kabla hujauondoa mkono wako kwenye tundu.

Na kama mwenzako hatangazi lolote? Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kifaa kisichosikia shada la mipigo hutazama namna ya umeme uliomo katika waya. Namna hiyo humtambulisha mwenzake kwa mwendo: huu ni wa milioni 10, au huu ni wa milioni 100. Lakini umeme hausemi neno lolote juu ya zamu. Kanuni ikaamuru kwamba penye ukimya, kifaa kichukulie kuwa mwenzake ni mzee asiyejua ila sheria ya zamani, na kifuate zamu. Mimi nasema ilikuwa kanuni ya hekima na ya heshima, kwa sababu mwaka 1995 kifaa kilichonyamaza kwa kweli kilikuwa mzee.

Ubaya ni kwamba kuna anyamazaye kwa uzee, na kuna anyamazaye kwa kuwa amezibwa mdomo. Katika miaka ile ya mwanzo vifaa vya kampuni mbalimbali havikuelewana vizuri, kwa kuwa baadhi ya vifungu vya kanuni viliweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, hata vikafafanuliwa mwaka 1998. Mafundi wengi waliumwa na nyoka yule, wakafundishana: usitegemee mapatano, funga mwendo na sheria kwa mkono wako mwenyewe. Ushauri ule ulikuwa salama kwa sharti moja, kwamba zifungwe pande zote mbili. Maana katika vifaa vingi, kufunga kwa mkono ni kuyazima mapatano. Ukifunga upande mmoja kwa dupleksi kamili, upande ule hunyamaza. Upande wa pili husikia ukimya, hudhani uko na mzee, na kwa adabu njema hushika zamu.

Picha yake ni daraja lenye madereva wawili. Mmoja anaamini kwamba ni la njia mbili, naye hapunguzi mwendo. Wa pili anaamini kwamba ni la njia moja: hutazama kwanza, huingia pakiwa patupu, na akimwona mwenzake anakuja huku naye yumo darajani, husimama na kurudi nyuma. Katika waya, huyu wa pili hukata ujumbe wake katikati, na ule aliokuwa akiletewa huutupa kwa kudhani umeharibiwa na mgongano. Yule wa kwanza hupokea kipande cha ujumbe kisichotimia, naye hukitupa. Tena hajui kwamba ujumbe wake mwenyewe umepotea, kwa kuwa sheria yake haina mgongano.

Siku ambazo magari ni machache, madereva hawa hawakutani. Taa za kijani zinawaka. Ukituma salamu fupi kujaribu, jibu linarudi upesi. Maradhi haya hujificha wakati wa kazi ndogo na kutokea wakati wa kazi kubwa, na ndiyo maana yamewapotezea watu wengi muda mwingi.

Ni kweli kwamba historia imeendelea mbele. Itheneti ya biti bilioni 1 katika nyaya za shaba, iliyoidhinishwa mwaka 1999, hutumia jozi zote nne kwa pande zote kwa pamoja, na mapatano ndani yake ni lazima. Ile ya bilioni 10, ya mwaka 2002, haina sheria ya zamu hata kidogo. Lakini vifaa vya zamani havifi siku ile sheria mpya ipitishwapo, hasa katika shule zetu, ambazo mara nyingi hupata kompyuta baada ya wengine kuzichoka.

Shule niliyoanzia kazi mwaka 2016, nikitoka chuo cha ualimu, ilikuwa na kompyuta 24 za msaada na kompyuta kuu moja iliyohifadhi kazi za wanafunzi. Asubuhi, nikiwa peke yangu, kila kitu kilikwenda vizuri. Darasa la Kidato cha Nne likiingia na wote wakaanza kuhifadhi kazi, mashine zilisimama kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto. Tulibadilisha waya. Tuliilaumu kampuni iliyotuletea intaneti. Tangu kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kila polepole hutoka nje. Wala hatukukumbuka kwamba kazi za wanafunzi hazikuwa zikitoka hata nje ya ua wa shule.

Msichana mmoja alileta mradi wake wa somo la kompyuta. Nilipoufungua katika kompyuta kuu niliona kurasa chache, kisha takataka. Aliniambia, "Mwalimu, niliimaliza yote, lakini kioo kiliganda, na kengele ikalia." Nilimjibu kwamba kengele hailali na wavivu. Nikampa sufuri, na nikamwandikia mzazi wake barua.

Muhula uliofuata mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi mwingine, ambaye kazi yake ni fundi wa mitandao, alikuja shuleni siku ya wazazi. Nilimweleza shida yetu. Hakutazama waya wala intaneti. Aliomba neno la siri la swichi, akafungua hesabu za tundu la kompyuta kuu. Migongano iliyochelewa ilikuwa maelfu. Kisha akafungua hesabu za kompyuta kuu yenyewe, akakuta ujumbe mwingi uliofika umekatika.

"Mwalimu," aliniuliza, "nani aliufunga upande huu kwa mkono?"

"Fundi wetu wa kwanza, Mama. Alisema mapatano hayaaminiki."

"Alisema kweli, ila ni kweli ya mwaka 1996. Tena amefunga upande mmoja, swichi akaiacha." Akabofya mara tatu, akairudisha kompyuta kuu katika mapatano. Faili ya baiti milioni 60, ambayo asubuhi ile ilichukua dakika 11, ilikwenda kwa sekunde 6.

Nilibaki nimeitazama saa yangu. Siku ya Jumatatu nilimwita yule msichana mbele ya darasa lile lile lililosikia maneno yangu ya kwanza, nikamwomba radhi, na nikamwandikia mzazi wake barua ya pili, iliyokuwa ndefu kuliko ya kwanza. Nakala ya mradi wake haikuwapo tena. Aliufanya upya kwa wiki mbili, nami nilimfungulia chumba kila jioni.

Jioni moja, akiwa anahifadhi kazi yake, aliniuliza, "Mwalimu, swichi iliwezaje kuujua mwendo wa kompyuta kuu, isijue kwamba haifuati zamu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki moja, na usiku ule nikaanza kusoma habari za Hawaii.